Msamaha na Radhi katika Mwisho wa Sinema ya Yesterday

Mwishoni mwa sinema iitwayo Yesterday, mjane ashika nyundo kubwa, aenda hadi kwenye kibanda cha mabati na vyuma chakavu alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kukibomoa. Hasemi neno. Twasikia chuma kikigonga chuma, na pumzi za mtu aliyechoka. Kibanda hicho ndicho alimomwuguzia mumewe hata akafa. Swali ambalo insha hii yataka kulijibu ni fupi: je, mwanamke huyu amemsamehe mumewe, au hakumsamehe?

Nimepata kusikia majibu ya namna mbili. Wako wasemao kwamba nyundo ile ni ghadhabu iliyochelewa. Yale ambayo mke hakuyasema mumewe alipokuwa hai, sasa anayaambia mabati. Wako na wengine wasemao kwamba mke huyu ni mfano wa wema, amekwisha kusamehe kila kitu, na kuvunja kibanda si jambo kubwa, ni kazi tu ya kuondoa takataka baada ya msiba. Mimi naona majibu yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: yanautafuta msamaha katika nyundo, ilhali msamaha ulikwisha kutolewa zamani, katika sehemu nyingine ya sinema, na nyundo inashughulika na habari nyingine kabisa.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaitazama, yafaa niieleze hadithi kwa ufupi. Sinema hii ilitolewa mwaka 2004. Mtungaji na mwongozaji wake ni Darrell Roodt wa Afrika Kusini, na lugha yake ni Kizulu. Mwaka 2005 ilikuwa miongoni mwa sinema tano zilizoshindania tuzo ya Oscar kwa picha za lugha zisizo Kiingereza. Mwanamke mkuu anachezwa na Leleti Khumalo, yule yule aliyependwa sana na watazamaji wa nchi zetu katika Sarafina! ya mwaka 1992, ambayo nayo aliiongoza Roodt. Katika Sarafina! alikuwa msichana wa shule apigaye kelele. Katika Yesterday ni mama wa kijijini asemaye kwa sauti ya chini, na asiyejua kusoma.

Mama huyu aitwa Yesterday, yaani Jana. Baba yake alimpa jina hilo kwa kuwa aliona mambo ya jana yalikuwa bora kuliko ya leo. Msomaji wa Kihaya hatalishangaa jina la namna hiyo. Kwetu pia jina la mtu mara nyingi ni sentensi nzima, tena sentensi yenye lawama ndani yake: mtu huitwa Tibaijuka, yaani hawakumbuki, na ukoo wote wakajua ni akina nani wasiokumbuka, na ni wema gani waliousahau. Yesterday anaishi na binti yake mdogo, Beauty, katika kijiji cha KwaZulu-Natal, na mumewe John yuko mbali, Johannesburg, akifanya kazi ya mgodi. Mama aona kikohozi hakimwachi. Aenda hospitali kwa miguu, safari ndefu na mtoto, akuta foleni, siku yaisha kabla hajaonekana, arudi nyumbani. Aenda tena, na yale yale. Mwishowe aambiwa na daktari kwamba ana virusi vya ukimwi. Asafiri hadi Johannesburg kumwarifu mumewe. Mume ampiga. Baada ya muda mume huyo huyo arudi kijijini, amekonda, hawezi kazi tena. Majirani waingiwa na hofu, wataka mgonjwa aondolewe. Hospitali haina kitanda kwa ajili yake. Ndipo Yesterday aokota vyuma vya magari mabovu na mabati, ajenga kibanda mbali kidogo na nyumba za watu, amweka mumewe humo na kumhudumia hata mwisho. Nia yake yeye mwenyewe ni moja tu: asife kabla Beauty hajaanza shule.

Hadithi ni hiyo. Imegawanywa kwa majira ya mwaka, kama vile mkulima angeisimulia.

Sasa msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini sinema ya Wazulu iandikiwe insha na mtu anayeitazama kutoka Kagera. Jibu langu ni kwamba kwa Tanzania, habari hii ilianzia hapa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, juu ya uwanda wa Kamachumu, wilayani Muleba. Kabla ya jina la ukimwi kuundwa, watu wa Bukoba na Muleba waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za fahari zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wengine waliuita silimu, kwa sababu ya kukonda. Mwaka 1987 wachunguzi walipima damu za watu wazima katika mkoa mzima. Mjini Bukoba walikuta watu 24.2 katika kila mia wana virusi; katika mashamba ya Bukoba na Muleba, watu 10 katika kila mia. Hesabu ya mjini ilishuka hadi 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Naziandika tarakimu hizi kwa sababu mhakiki asemaye juu ya majonzi hana budi kuonyesha ukubwa wake. Mji ambao robo ya watu wake wazima wameguswa na jambo moja hauwezi kuitazama sinema kama hii kwa macho ya mgeni.

Lakini kufanana huko kusitupoteze. Iko tofauti moja kubwa, na katika tofauti hiyo ndimo ulimo ufunguo wa mwisho wa sinema. Nitaifikia, kwanza tuumalize msamaha.

Katika lugha yetu neno samehe lina kazi mbili. Twasema kumsamehe mtu kosa, na twasema pia kumsamehe mtu deni. Kazi hizi mbili kwa hakika ni moja: mwenye kusamehe aacha kudai. Hasemi kwamba deni halikuwapo, wala hasemi kwamba amependezwa na kukopwa. Asema tu: sitakudai tena. Radhi ni neno jingine. Radhi yatokana na kuridhika, na mtu aweza kabisa kuacha kudai bila ya kuridhika. Mzazi aliyeudhiwa na mwanawe aweza kumsamehe asimpe adhabu, lakini radhi yake ikabaki moyoni, haijatoka, na kila mtu wa pwani na wa bara ajua ya kuwa mwana huyo bado hana amani. Watu huyachanganya maneno haya katika mazungumzo, nami sina ugomvi na mazungumzo. Lakini mbele ya sinema hii tukiyachanganya, hatutaona kitu.

Yesterday alimsamehe John lini? Sinema haina baraza la toba. Hakuna pahali ambapo mume na mke wanakaa chini kuhesabiana makosa, mmoja akatubu, wa pili akakubali, kisha machozi na kukumbatiana, kama ilivyo desturi ya sinema nyingi zikikaribia mwisho. Msamaha umefanywa kuwa kazi za mikono. Mke aliyepigwa amkuta mpigaji mlangoni pake, mgonjwa, amwingiza ndani. Amwosha. Amlisha. Aokota vyuma na kumjengea. Kila chuma alichokiburura ni sehemu ya deni aliloacha kulidai. Mtazamaji angojaye neno la msamaha lisemwe atangoja hata taa ziwashwe, kwa maana limekwisha kusemwa kwa beseni na kitambaa.

Najua swali litakalofuata, maana limepata kuulizwa na wanafunzi wa kike kila nilipoisikia sinema hii ikijadiliwa. Je, huu si ule uvumilivu wa mke ambao wanaume wamekuwa wakiusifu tangu zamani kwa kuwa unawafaa? Mume aleta maradhi nyumbani, apiga, arudi kuuguzwa, mke avumilia, nasi twaitwa tustaajabie uzuri wa roho yake. Swali hili ni la haki, nami sidhani kwamba Roodt ameponyoka katika swali hilo kabisa. Yako mahali ambapo kamera yapenda mno uso mtulivu wa Leleti Khumalo na milima mizuri iliyo nyuma yake, hata mtazamaji aanza kuona kwamba utulivu ule ni sehemu ya mandhari, kama nyasi. Ziko mbinu ambazo mwandishi wa tamthilia asingezikubali: majirani wabaya ni wabaya kwa pamoja, kama kundi la waimbaji, na mwalimu mwema ni mwema kupita kiasi. Tena mtazamaji wa leo, hasa kijana, ashangaa kwamba dawa za kupunguza makali hazina nafasi katika sinema hii. Ikumbukwe kwamba ilitolewa baada ya miaka ambayo serikali ya Thabo Mbeki ilisitasita kuwapa watu wake dawa hizo, na mwaka 2004 ndio mwaka ambao huku kwetu mpango wa kuzitoa bure ulianza. Siasa ile yote imeachwa nje. Yesterday apambana na kifo kama mtu apambanavyo na ukame, si kama mwananchi aliyenyimwa kitu ambacho watu wengine duniani walikuwa nacho.

Haya yote ni kweli. Na kama sinema ingeishia kwenye kifo cha John, ningewaunga mkono wale wasemao kwamba ni hadithi ya kuwafundisha wake wavumilie. Nyundo ndiyo inayoiokoa.

Sinema hii niliitazama mara ya pili wilayani Muleba, sebuleni kwa jamaa, jioni moja ya mvua. Tulikuwa watu wa rika mbalimbali. Vijana walifuata maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, nami nilikaa karibu na bibi mmoja mzee nikimfasiria, nusu kwa Kihaya na nusu kwa Kiswahili. Bibi huyu ni mmoja wa wale ambao katika miaka ile ya taabu waliwazika watoto wao na kubaki na wajukuu. Kwa sehemu kubwa ya sinema hakuhitaji kufasiriwa. Foleni ya hospitali aliielewa, kikohozi alikielewa, mwanamume aliyerudi amekonda kutoka mjini alimtambua kabla sijafungua kinywa. Ilipofika nyundo, kijana mmoja akasema, "Sasa ndiyo anamtolea mumewe hasira." Bibi akatikisa kichwa. "Hapana, mjukuu wangu," akasema, "mume amekwisha kuzikwa. Hiyo nyumba ni ya huyo mama. Anavunja cha kwake." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, kama mtu asemaye na nafsi yake: "Sisi hatukuwa na cha kuvunja."

Nimeisoma tahakiki zaidi ya moja juu ya sinema hii, na sikuona hata moja iliyokaribia maneno hayo mawili ya bibi. Nitajaribu kuyaeleza.

Kwanza: anavunja cha kwake. Katika sinema nzima mwanamke huyu hana kitu alichokitengeneza yeye, ila kibanda hicho. Jina alipewa na baba. Ndoa ilimweka kijijini na mume akaenda zake mgodini. Ugonjwa aliletewa. Lakini kibanda alikibuni, akakijenga, akakiita hospitali. Basi akikivunja havunji kumbukumbu ya mumewe. Avunja jengo ambalo halikupasa kuwapo. Na kwa nini lilikuwapo? Yalikuwako mambo mawili tu: hospitali ya kweli haikuwa na kitanda, na majirani hawakutaka mgonjwa akae kati yao. Kila bati la kibanda kile ni ushahidi juu ya hayo mawili. John, kwa makosa yake yote, hana bati hata moja pale.

Tusidhani kwamba hofu ya majirani imetiwa chumvi na mtungaji. Ndani ya sinema yasimuliwa habari ya msichana aliyerudi kijijini kutoka mjini, ikajulikana ana ukimwi, watu wakampiga mawe hata akafa. Na nje ya sinema, katika mkoa ule ule wa KwaZulu-Natal, mwezi wa Desemba mwaka 1998, Gugu Dlamini wa KwaMashu aliuawa baada ya kutangaza mbele ya watu kwamba ana virusi. Basi Yesterday alipojenga mbali na nyumba za watu alijua alikuwa akinunua nini. Alinunua uhai wa mtoto wake kwa kuwaondolea majirani kile wasichotaka kukiona.

Hapa ndipo tofauti ya maneno yetu mawili inapofanya kazi. John amesamehewa; hadaiwi tena. Lakini dunia iliyomlazimisha mke ajenge hospitali kwa vyuma vya magari mabovu haijapata radhi yake. Hawezi kuidai, kwa kuwa hana pa kuidai. Hakuna mahakama ya foleni wala ya majirani. Hata hivyo aweza kuonyesha kwamba hajaridhika. Nyundo ndiyo lugha pekee aliyobakiwa nayo ya kusema kwamba hajaridhika, na aisema kwa nguvu ambazo hatukujua anazo, tena katika mwili ambao tumeambiwa na daktari kwamba unakwisha. Ndiyo maana hasira ile haimchafulii mwenye kusamehe msamaha wake. Msamaha na hasira vyakaa katika moyo mmoja bila kugombana, kwa sababu havikuelekezwa kwa mtu mmoja.

Katika Kiswahili twasema kuanua matanga. Watu walioketi msibani wanapofika siku ya kuondoka, tanga huanuliwa, mkeka hukunjwa, na wafiwa huambiwa kwa kitendo hicho kwamba sasa mlango wa maisha umefunguliwa tena. Kitendo hicho chahitaji watu. Mfiwa haanui tanga peke yake. Jamaa na majirani ndio wamwanuliao. Yesterday hana majirani wa namna hiyo, maana wale alio nao ndio waliomtia katika kibanda. Kwa hiyo ajianulia mwenyewe, na kwa kuwa tanga lake ni la chuma, chombo chake hakina budi kuwa nyundo. Naliona jambo hili kuwa la kusikitisha kuliko kifo chenyewe. Kifo sinema yakipitia bila kukawia. Upweke wa yule avunjaye ndio ulioachwa mbele yetu.

Sasa neno la pili la bibi: sisi hatukuwa na cha kuvunja.

Hii ndiyo tofauti niliyoahidi kuifikia. Katika Buhaya mgonjwa wa miaka ile hakujengewa kibanda pembeni. Alirudi nyumbani. Walirudi kutoka Dar es Salaam, kutoka Mwanza, kutoka Kampala, wakalala katika nyumba za mama zao, na mama zao wakawauguza. Sisemi kwamba hapakuwa na masengenyo. Yalikuwapo, na jina la Juliana lenyewe ni sengenyo lililofupishwa. Lakini mgonjwa alikuwa na mahali, na mahali pake palikuwa kibanja. Akifa alizikwa humo humo kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Msomi Gabriel Rugalema, aliyeandika mwaka 1999 tasnifu nzima juu ya kijiji cha Bushagara huko Kamachumu, ameeleza jinsi vifo vya watu wazima vilivyozimaliza nguvu za kaya moja baada ya nyingine: mikono ya kulima, akiba, mifugo. Na jambo ambalo kila mtu wa mkoa huu wa umri wangu alikumbuka ni kwamba hata siku za kukaa msibani zilipunguzwa, kwa maana wiki moja iliweza kuwa na misiba mitatu, na migomba haingoji.

Basi mjane au mama wa Muleba angevunja nini? Nyumba aliyomwuguzia mgonjwa ndiyo nyumba anayolala yeye na watoto. Kaburi liko kibanjani, na kibanja ni cha ukoo. Kwa mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 kuwa sheria, mjane hakuwa mrithi wa ardhi ya mumewe; alikaa humo kwa sababu ya watoto wake. Hata binti katika ardhi ya baba yake haki yake ilikuwa nusu. Wasomaji wa sheria watakumbuka shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, lililoanzia katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke alikuwa ameachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, akaiuza, na mpwa wake akadai mauzo yavunjwe kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba haki ya mwanamke kuuza ni sawa na ya mwanamume. Hukumu ile ni ya heshima kubwa. Lakini ilitolewa wakati ambapo wajane walikuwa wakiongezeka kila mwezi katika wilaya ile ile, na kutoka mahakamani Mwanza hadi kibanjani kwa mjane ni safari ndefu kuliko ile ya Yesterday kwenda hospitali.

Kwa hiyo, msomaji ataona, majonzi ya Kagera na majonzi ya sinema hii yamebadilishana mahali. Yesterday alinyimwa huruma ya watu, akapata kibanda ambacho ni chake mwenyewe, na kwa hiyo alipata kitu cha kuvunja. Mama wa Kihaya alipewa huruma ya watu, angalau kwa sehemu, lakini kila kitu kilichomzunguka kilikuwa cha wengine: nyumba, migomba, hata udongo wa kaburi. Yeye alibaki akilipalilia kaburi pamoja na migomba, mwaka baada ya mwaka. Kama radhi yake haikutoka, haikuwa na nyundo. Sishangai kwamba bibi yule aliitazama picha ile ya mwisho, nathubutu kusema, kwa namna ya wivu.

Kuna waliotunga kwa Kiswahili juu ya maradhi haya, na W. E. Mkufya katika Ua la Faraja ya mwaka 2004, mwaka ule ule wa sinema hii, ametuandikia riwaya kubwa ya mji wa Dar es Salaam. Lakini kitendo cha mjane baada ya kuzika, kile kitendo kimoja cha mwili ambacho chasema yote yasiyosemwa, sijakiona bado katika maandishi yetu kikiwekwa mahali pake, yaani kibanjani. Nauliza kama mtunzi wa Bukoba angemfanya mjane wake afanye nini. Akate mgomba? Mtu wa kwetu ajua jinsi jambo hilo lilivyo zito. Kukata migomba ya kibanja bila haja ni kumtangazia mtu uadui. Ahame? Wengi walihama, wakaenda mjini Bukoba au mwaloni, na kuhama hakupigi kelele kama chuma. Labda ndiyo sababu hatujakiandika.

Liko bado jambo la shule, nalo sharti lisomwe pamoja na nyundo, kwa kuwa mwisho wa sinema umejengwa juu ya picha hizi mbili. Beauty avaa sare, aingia shule kwa mara ya kwanza. Mama asimama nje ya ua, atazama. Ahadi aliyojiwekea imetimia, na kwa kuwa imetimia, ile sababu iliyomfanya akatae kufa imeondoka. Mwongozaji hakutuonyesha kifo cha mama, naye alifanya vema. Ametuachia ua kati ya mama na mtoto, tukajua. Mwalimu amekwisha kuahidi kwamba atamlea Beauty kama mwanawe. Watazamaji wengi hulia hapo, na wanaolia hapo hulia machozi mepesi kuliko ya kwenye nyundo, kwa maana sasa wameahidiwa kwamba mtoto hatapotea.

Sebuleni kule Muleba walilia pia. Bibi hakulia. Aliniuliza nimfasirie tena maneno ya yule mwalimu, nikamfasiria: kwamba atamchukua mtoto, atampenda kama wake. Akafikiri. Kisha akauliza, "Huyo mwalimu ana kibanja?"

Nilimjibu kwamba sinema haikusema.